Msiniambie gesi imeisha: uzoefu wangu na hitilafu za viyoyozi vya nyumbani

"Gesi imeisha." Mafundi wengi wa viyoyozi huitamka sentensi hiyo hata kabla hawajashusha begi la vifaa. Chumba hakipoi, gesi imeisha. Maji yanadondoka ukutani, gesi imeisha. Mashine inanguruma bila kupooza, gesi imeisha. Nimeambiwa hivyo kwa hitilafu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na gesi, tena na watu waliokuja na mtungi mkononi kabisa. Viyoyozi vyangu vimeshaniletea karibu kila usumbufu wa kawaida, nimeushughulikia mmoja baada ya mwingine, na gesi ilihusika katika mmoja tu. Huo nitaueleza mwishoni, kwa sababu hata huo walitaka kuutibu vibaya.

Gesi ya kiyoyozi si kama mafuta ya gari. Haiungui wala haitumiki. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote. Kwenye koili ya ndani, yaani mirija iliyokunjwakunjwa kati ya vibati vyembamba vya alumini, inachemka na kuwa mvuke, na katika kuchemka huko inanyonya joto la chumba. Kompresa iliyo nje inaubana mvuke huo hadi unakuwa na joto kuliko hewa ya nje, koili ya nje inalitupa joto lile, mvuke unarudi kuwa kimiminika, unapenyezwa kwenye kijitundu kinachoshusha presha, kisha safari inaanza upya. Kiasi kilichowekwa mwanzoni ndicho kinachopaswa kuwemo hadi siku mashine inatupwa. Kikipungua, kuna mahali kinatoka. Anayekuongezea bila kutafuta hapo mahali anakuuzia kitu utakachokinunua tena baada ya miezi michache.

Nianze na chumba cha kulala. Kiyoyozi kilianza kupuliza hewa dhaifu, isiyo baridi, na kikiwashwa muda mrefu hewa ilikuwa karibu haitoki kabisa. Nje, bomba nene la shaba lilikuwa limevaa barafu nyeupe. Fundi wa kwanza alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kwenye hewa, akatoa hukumu yake mnayoijua. Wa pili angalau alifunga geji, akaona presha iko chini, akakubaliana na mwenzake. Nikamwuliza, "Fundi, mbona barafu iko kwenye bomba nene?" Akanijibu, "Bosi, barafu ni barafu. Gesi ikipungua lazima igandishe."

Hapo ndipo nilipokataa. Barafu ni dalili, lakini mahali ilipo ndipo penye jibu. Kwenye viyoyozi vingi vya ukutani, kile kijitundu cha kushusha presha kiko kwenye kifaa cha nje, kwa hiyo mabomba yote mawili yanayokwenda ndani ni ya baridi. Gesi ikipungua, barafu huanza kwenye bomba jembamba, pale linapotoka kwenye valvu ya nje. Lakini ikiwa ni hewa isiyopita vya kutosha juu ya koili ya ndani, gesi haipati joto la kunyonya, inarudi nje ikiwa bado baridi kali, na barafu inatanda koili nzima hadi kulifikia bomba nene. Geji husoma chini katika hali zote mbili, maana presha inafuata joto la koili. Ndiyo maana geji peke yake haitoshi kumpa mtu haki ya kufungua mtungi. Na laiti gesi ingeongezwa siku ile, siku hewa itakapopita vizuri mashine ingekuwa imejaa kupita kiasi, kompresa inasukuma mzigo usio wake.

Basi nilizima upoozaji nikaiacha feni tupu ikapulize mpaka barafu yote iyeyuke, beseni chini. Barafu ya koili haikwanguliwi kwa kisu wala bisibisi: vibati vile vya alumini vinakunjika kama karatasi tu, na nyuma yake kuna mirija ambayo ukiitoboa sasa kweli gesi itaisha.

Machujio yalikuwa safi, nayaosha mara kwa mara. Hilo ndilo lililowapotosha mafundi wote wawili: waliona chujio safi wakadhani hewa inapita. Nikamulika kwa tochi kwenye mdomo wa kutolea hewa, nikiwa nimezima umeme kwenye breka, na nikaona. Feni ya ndani ya kiyoyozi cha ukutani ni ngoma ndefu iliyolala, yenye mapanga mengi membamba yaliyopinda kidogo. Kupinda huko ndiko kunakoteka hewa. Mapanga yangu yalikuwa yamejazwa vumbi lililoshikana na unyevu likawa kama udongo, kila panga limekuwa bapa. Ngoma ilikuwa inazunguka kwa kasi yote na hairushi hewa.

Kazi ya kuisafisha ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Wengi huambiwa lazima ngoma ing'olewe, na kung'oa maana yake ni kutoa trei, koili kulegezwa, siku nzima. Mimi nilitumia brashi ya kusafishia chupa, ile yenye mpini wa waya, nikaupinda waya mpaka ukawa na kona inayoingia mdomoni mwa kiyoyozi. Upande wa kulia, penye bodi ya umeme, nilifunika kwa nailoni na kuibana kwa gundi ya karatasi. Chini nilitengeneza mfereji wa nailoni unaomwagia ndooni. Kisha chupa ya kupulizia yenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo: napuliza, naacha iloweke, napitisha brashi kwenye panga moja kutoka kushoto hadi kulia, nazungusha ngoma kwa kidole hadi panga linalofuata. Panga moja baada ya jingine, bila haraka. Ukiruka mapanga ya upande mmoja, ngoma inapoteza uwiano na ikizunguka itatikisika na kupiga kelele, kwa hiyo usiishie njiani. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuoshea masufuria yaliyopikiwa kuni, na ile harufu ya soksi chafu niliyokuwa nimeizoea kila nikiwasha ikatoweka nayo. Harufu hiyo ni ukungu na bakteria wanaoishi kwenye vumbi lenye unyevu. Manukato ya kupulizia yanaificha tu.

Nikaiacha ikauke vizuri, nikarudisha umeme, nikapima.

Kupima ni jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kunishauri, na ndilo lililonipa nguvu ya kubishana. Kipimajoto cha kawaida cha jikoni kinatosha. Unawasha kiyoyozi kwenye kupooza, feni kwenye kasi ya juu, unaacha kama robo saa kitulie. Unapima hewa inayoingia juu kwenye chujio, kisha hewa inayotoka mdomoni. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi maana yake mzunguko wa gesi unafanya kazi yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi sana tofauti inakuwa ndogo, kwa sababu nguvu nyingi inakwenda kugeuza mvuke kuwa maji. Tofauti ikiwa nyuzi 3 au 4, kweli kuna tatizo. Ikiwa kubwa kupita kawaida na hewa inatoka kidogo, tafuta kilichoziba njia ya hewa. Cha kwangu kilisoma 11, na hewa ilifika hadi ukuta wa pili. Fundi wa pili alipopiga simu kuuliza kama niko tayari kuongezewa, nilimsomea namba hizo.

Kiyoyozi cha sebuleni nacho kikaanza kudondosha maji ndani. Ushauri nilioupata hapa ulinikera zaidi ya ule wa gesi: mtu mmoja, tena anayejiita fundi, alinishauri nizibe nyufa za chini kwa silikoni. Maji yangekwenda wapi? Kiyoyozi kinatengeneza maji. Ndiyo kazi yake ya tangu mwanzo. Willis Carrier alipobuni mtambo wake mwaka 1902, aliubuni kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, New York, ambako unyevu ulikuwa unatanua na kusinyaza karatasi mpaka rangi zikawa haziangukii mahali pake. Alitaka kuikausha hewa, na hewa inakauka kwa kuacha maji yake juu ya koili baridi. Penye unyevu mwingi, kiyoyozi cha chumba kimoja kinaweza kutoa lita nyingi kwa siku. Maji hayo huangukia kwenye trei na kutoka nje kwa mpira mwembamba, kwa mteremko tu, hakuna pampu inayoyasukuma. Trei ni ya giza na haikauki, kwa hiyo ute huota, unateremka na kuganda kwenye kona ya mpira. Maji yakikosa njia yanafurika juu ya trei na kushuka ukutani.

Nilijaribu waya kwanza. Uliingia vizuri, ukafika kwenye kona, ukakataa. Mpira ule una mikunjo ndani na ni laini, nikaona nikilazimisha nitautoboa ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna mkono utakaofika. Nikajaribu kupuliza kwa pampu ya baiskeli kutoka nje. Maji yalirudi nyuma yakaruka kwenye trei, ute ukatawanyika, mpira ukapitisha maji jioni ile, na siku zilizofuata ukaziba tena palepale. Kupuliza kunasogeza uchafu, hakuutoi, na ukipuliza kwa mashine ya upepo yenye nguvu unaweza kuuchomoa mpira kwenye trei bila kujua.

Jibu lilikuwa kinyume chake: kuvuta. Niliazima mashine ya kufyonza vumbi, ile aina inayokubali maji, nikatoa mfuko wake wa vumbi. Tatizo lilikuwa kwamba mdomo wa mashine ni mpana na mpira wa kiyoyozi ni mwembamba, hewa ingevutwa pembeni. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, upande mmoja nikauvalisha kwenye mdomo wa mashine na kuufunga kwa kamba, upande wa pili nikauzungushia mpira wa kutolea maji na kuukamata kwa mkono kwa nguvu. Nikawasha. Kwanza sauti ilikuwa nzito, ya mashine inayokosa hewa. Nikaachia kidogo, nikabana tena, nikaachia, nikabana. Ghafla sauti ikabadilika, kitu kikapita chini ya kiganja changu, maji yakafuata. Nilipofungua mashine nilikuta pande la ute wa kahawia, refu kama kidole, na chini yake mabawa ya wadudu. Nikamimina maji kwenye trei polepole kwa kikombe, yakatoka nje kwa mkondo mmoja usiokatika.

Halafu nikatazama kwa nini liliganda pale. Aliyefunga aliuacha mpira ukilala na kufanya tumbo, kisha ukapanda tena kidogo kabla ya kutoka nje. Popote penye tumbo maji yanasimama, na popote yanaposimama ute unaota. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita ya mpira unatosha, ila uwe ni mteremko mwanzo hadi mwisho. Na ncha ya nje isizamishwe kwenye ndoo yenye maji, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya mpira haitakuwa na pa kutokea. Sasa namimina siki kidogo kwenye trei kila baada ya muda. Wapo wanaotumia dawa ya kuondolea madoa ya nguo yenye klorini. Mimi siigusi, inakula alumini, na ikichanganyika na siki inatoa gesi yenye sumu.

Maji yakidondoka kutoka kwenye bomba badala ya kiyoyozi chenyewe, tazama sponji inayolifunika. Ikichanika, shaba baridi inatoa jasho. Funga upya, basi.

Kifaa cha nje cha sebuleni ndicho kilichonusurika kutupwa. Feni ilizunguka, kompresa ikanguruma sekunde chache, ikakata, baada ya muda ikajaribu tena, ikakata. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mzee, kompresa imekufa. Afadhali ununue mashine mpya kuliko kubadilisha kompresa peke yake." Alikuwa tayari na mtu wa kunipelekea mpya, na bei yake ilikuwa ya kumkosesha mtu usingizi.

Kompresa inayonguruma ina umeme. Iliyokufa kwa kuungua kwa kawaida hainung'uniki, inaangusha breka au inakaa kimya. Kunguruma bila kuzunguka, kwenye mashine ya kawaida isiyo ya inveta (ile ambayo kompresa yake hubadilisha kasi), jambo la kwanza la kushuku ni kapasita: kopo la mviringo linaloipa mota msukumo wa kuanza na kuendelea kuzunguka. Joto la nje huichosha polepole, na ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Mara nyingine inavimba juu na unaiona kwa macho. Yangu ilikuwa bapa, nzuri, ndiyo maana fundi hakuishughulikia.

Hapa nilimwita fundi umeme, si wa viyoyozi, nikamweleza ninachotaka apime. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya umeme kuzimwa na inaweza kukutupa chini. Alizima breka, akaimaliza chaji kwa rezista yenye waya ndefu badala ya kugusisha ncha kwa bisibisi kama wanavyofanya wengi, akapiga picha ya nyaya, akazichomoa, akaweka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Kopo limeandikwa mikrofaradi 35, na chini yake asilimia 5 kwenda juu au chini. Maana yake ilipaswa kusoma kati ya 33 na 37 hivi. Ilisoma chini ya 20. Tukaweka nyingine yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua zilizoandikwa, kompresa ikaamka mara moja kwa sauti laini. Inafanya kazi mpaka leo. Mtu akikuambia kompresa imekufa, mwambie akuonyeshe kipimo cha kapasita kwanza, na asipokuwa na multimita mshukuru kwa kufika.

Mashine za inveta ni habari nyingine. Kompresa yake inaendeshwa na bodi ya elektroniki, na kwenye bodi hiyo kuna kapasita kubwa zinazoshika mamia ya volti. Huko mimi sifungui. Nasoma taa zinavyopepesa au namba inayoonekana, natafuta maana yake kwenye kitabu cha mashine hiyohiyo, kwa sababu namba ileile kwa mtengenezaji mwingine ina maana tofauti kabisa.

Mdogo wangu anaishi nchi ya baridi, na nyumba yake inapashwa joto kwa pampu ya joto. Hiyo ni kiyoyozi kilekile kilichoongezewa valvu ya kugeuza mzunguko, ili koili ya nje inyonye joto kwenye hewa baridi na ya ndani ilimwage nyumbani. Asubuhi moja alinipigia simu anahema. "Kaka, mashine ya nje inafuka moshi! Feni imesimama, ndani hewa imekata, nimezima kila kitu." Nikamwuliza, "Unasikia harufu ya kuungua?" Hakuna. "Moshi mweupe au mweusi?" Mweupe, na umeshapotea hewani. "Kabla ya hapo koili ilikuwa na barafu?" Ilikuwa nyeupe yote.

Nikamwambia awashe aende zake. Koili ya nje inapochota joto kwenye hewa ya baridi, yenyewe lazima iwe baridi zaidi ya hewa hiyo, kwa hiyo hata nje kukiwa na nyuzi 4 au 5 juu ya sifuri, juu ya koili panaganda. Mashine inajua. Kila baada ya muda inageuza valvu, unasikia mshindo wa hewa kama pumzi kubwa, inasimamisha feni ya nje, inapeleka gesi ya moto nje kuyeyusha barafu, na kwa dakika 5 hadi 10 hivi ndani hakuna joto. Barafu inayeyuka, mvuke unapanda, feni ikianza tena inautupa wote kwa mkupuo. Aliyeuona mara ya kwanza ana haki ya kuita zimamoto. Kinachopaswa kumtia wasiwasi ni barafu nene iliyofunika koili yote kwa saa nyingi bila kuyeyuka, au iliyopanda kutoka chini kwa sababu maji ya kuyeyuka hayana pa kwenda na kifaa kimewekwa chini mno.

Kilichonichemsha ni kilichofuata. Jirani yake alimshauri awashe swichi ya joto la dharura msimu wote wa baridi, "ndiyo inayotoa moto wa kweli," kwa sababu hewa ya pampu ya joto ni ya uvuguvugu. Ni ya uvuguvugu kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi: inatoa hewa ya nyuzi 35 hadi 45 hivi, kwa muda mrefu, bila kukata. Joto la dharura ni koili ya umeme, jiko tu. Uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto. Pampu ya joto kwa uniti hiyohiyo inahamisha uniti 2 hadi 4, kutegemea baridi ya nje. Alikuwa ameifuata nasaha hiyo, na bili ikamshtua. Nilimwambia azime dharura, aweke nyuzi alizozipenda na asizishushe sana usiku, maana asubuhi mashine ikijikuta na pengo kubwa itaita yenyewe ile koili ya umeme imsaidie.

Mengine ni madogo. Rimoti isipoitikiwa, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze: ukiona nuru ya zambarau ikimeta kwenye skrini, rimoti ni nzima, tatizo liko kwenye mashine. Picha ya tone la maji kwenye rimoti ni kukausha, si kupooza. Watoto huibonyeza na baba wa nyumba anaita fundi. Ukizima na kuwasha papo hapo, kompresa inasubiri kama dakika 3 kabla ya kuwaka, ili presha ya pande mbili ilingane, basi usibonyezebonyeze. Koili ya nje ioshwe kwa maji ya mpira wa kawaida, umeme umezimwa, ikiwezekana kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotokea. Mashine za kuoshea magari zenye presha kali zinalaza vile vibati na baada ya hapo hewa haipiti.

Sasa gesi. Chumba cha wageni kilipoa vibaya, tofauti ya joto nyuzi 4, ngoma safi, machujio safi, koili ya nje imeoshwa. Nilipotoka nje nikakuta barafu kwenye bomba jembamba. Na kwenye nati ya shaba palikuwa na doa la mafuta lililokusanya vumbi. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo inapovuja gesi yanatokeza. Nikapaka povu la sabuni ya vyombo kwa brashi laini, nikangoja. Vipovu vidogo vikajitokeza upande mmoja wa nati, kimoja baada ya kingine.

Fundi aliyekuja alitaka kukaza nati na kuongeza. Nikamwambia, "Fundi, nakuheshimu, lakini mashine hii inajazwa kwa mizani." Bati la mashine lilikuwa limeandikwa R-410A na idadi ya gramu. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R-32 na R-125, nusu kwa nusu kwa uzito, na inapaswa kuingizwa ikiwa kimiminika ili mchanganyiko ubaki sawa. Kukisia kwa geji kwenye mashine ya inveta, ambayo kompresa yake inabadilisha mwendo kila dakika, hakukupi jibu. Na kuiachia ile iliyobaki hewani hapana: kilo moja ya R-410A inapasha dunia joto zaidi ya kilo 2,000 za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100, R-32 yenyewe kama 675, na ndiyo sababu mataifa yalikubaliana mwaka 2016 pale Kigali kuzipunguza gesi za namna hii hatua kwa hatua. Mashine mpya nyingi sasa zinakuja na R-32, ambayo inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo huyo wa kuchomelea bomba huku gesi imo ndani asikaribishwe.

Alinisikiliza. Akakusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi wa kukusanyia, akafungua nati, na tukaona mdomo wa bomba ulikuwa umepanuliwa vibaya, una ufa mwembamba ambao hata ukikazwa vipi usingeziba. Akakata kipande, akalainisha ukingo, akapanua upya, akaipaka tone la mafuta, akafunga. Akajaza naitrojeni kwa presha, nikapaka povu tena, kimya. Akaitoa, akavuta hewa yote kwa pampu ya ombwe mpaka kipimo kikashuka chini ya mikroni 500 na kikakaa hapo pampu ilipozimwa. Ndipo akaweka mtungi juu ya mizani, akaufuata uzito mpaka gramu za kwenye bati zikatimia, akafunga valvu.

Kabla hajaondoka nilimwomba aandike kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya mfuniko wa kifaa cha nje, tarehe, aina ya gesi, na gramu alizoweka. Fundi mwingine akija akakuta zimepungua, atajua zilikuwa ngapi, na ataanza kutafuta zilipotokea.